Ada ya Kufungua Faili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeokota karatasi. Ilikuwa pale mapokezi, katikati ya majarida ya zamani ambayo wagonjwa huyafunua bila kuyasoma. Rangi ya bluu. "Madeni yamekufika shingoni? Tuachie sisi tuongee na wanaokudai." Chini yake namba ya simu, na mahali walipo: ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Nimeikunja nikaisokomeza kwenye mfuko wa koti la kazi. Kama mwizi! Mama Pacha, mwenzangu wa mapokezi, alikuwa kwenye simu, kanipa mgongo.

Nimekaa nayo mchana kutwa huku nyuma. Huku nyuma ndiko kwangu — chumba cha kutengenezea meno ya bandia, dirisha moja, linatazama ukuta. Wagonjwa siwajui sura. Daktari anawachukua vipimo vya kinywa, mimi naletewa umbo la ufizi wao la plasta na maelezo mafupi: juu yote, chini matatu, rangi fulani. Nawapa meno ya kutafunia na ya kuchekea, na hatukutani. Leo nilikuwa napanga meno ya juu ya mtu mwenye kinywa chembamba sana. Nikamwambia, wewe utotoni walikubana. Kisha nikashtuka, kumbe nimesema kwa sauti. Naongea na plasta. Tumefika huko.

"Tuachie sisi tuongee." Maneno hayo yamening'ang'ania siku nzima.

Jumanne, 4 Machi

Sauti amepiga kabla sijavaa viatu. Namwita Sauti kwa sababu hajawahi kujitaja — ni yule kijana wa mikopo ya kwenye simu. Leo ana mafua. Ndugu mteja, tunakukumbusha, na kadhalika. Nikamwambia anywe maji ya moto. Akashukuru. Halafu akasema nisipolipa hadi mwisho wa mwezi watawapigia watu wote walioko kwenye simu yangu. Wote! Dada, Kaka, Daktari, hadi muuza gesi.

Hakuna mwingine aliyenipigia leo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Niyapange hapa, kichwani yameshavurugika. Nadaiwa sehemu mbili. Kwanza Sauti — mkopo wa haraka, riba ya kukaba koo. Pili chama chetu cha akiba na mikopo, cha wafanyakazi wa kliniki kadhaa za mji huu — huo ndio mkubwa, riba ndogo, kila mwisho wa mwezi narejesha mwenyewe. Yote ni ya hospitali ya Mama. Chama kilitoa ya upasuaji. Sauti alitoa ya yale yaliyofuata baada ya upasuaji. Mama hayupo tangu Julai. Madeni yapo, na yana afya nzuri kabisa.

Dada na Kaka walisema siku ya mazishi: ukikwama, tuambie. Walisema wakiwa wameshafungua mlango wa gari. Sijawaambia. Mimi ndiye niliyebaki na Mama, mimi ndiye "yule asiye na majukumu". Asiye na mume wala mtoto, hela yake inakwenda wapi? Najua watakavyouliza. Bora nife na tai shingoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda!

Nilimwambia Daktari naenda kununua nta ya kupangia meno. Ngazi zina giza, lakini ofisi yenyewe safi. Kochi jipya bado lina nailoni. Mtungi wa maji baridi, vikombe vya karatasi. Kijana mmoja, suti imembana mabegani, akanipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mama yangu. Pole na safari." Safari gani, nimetoka mtaa wa pili! Lakini nilikaa, na nilipokaa akafunga mlango, akazima simu yake nikimwona, akasema, "Niambie yote. Nina muda."

Nina muda. Nani ameniambia hivyo tangu Julai?

Nikamwambia yote. Upasuaji, kidonda kilivyokataa kupona, dawa za kununua nje. Nikamweleza hadi mambo yasiyohusu deni — Mama alivyokuwa anakataa kulala mpaka niingie ndani nifunge komeo. Nikalia. Nililia kweli, mdomo wazi, na mtu akiniangalia. Akanisogezea boksi la tishu, hakutazama saa hata mara moja.

Nilipomtajia kliniki ninapofanya kazi, akatabasamu. "Ah, pale! Nyinyi wa pale ni watu waelewa."

Mpango wao uko hivi. Nalipa ada ya kufungua faili — nusu ya mshahara wangu, tena hapo kuna punguzo, na punguzo linakwisha mwezi huu. Baada ya hapo kila mwezi naleta kwao kile ambacho ningewalipa wanaonidai. Wanaonidai siwapi kitu. Wakikaa miezi bila kuona hela watalegea, na hapo kampuni itawaendea: chukueni kiasi hiki au mkose vyote. Masharti mawili tu. Nisilipe. Na nisiongee — na wanaonidai, na ndugu, na marafiki. Alisema marafiki ndio wanaoharibu mafaili mengi. Kimya ndiyo dawa, mama yangu.

Nikamwambia kukaa kimya sihitaji kufundishwa. Tukacheka wote wawili.

Nilirudi kazini bila nta. Daktari hakuuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala kama mtoto. Sauti amepiga, sikupokea. Raha yake! Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Dada amepiga. Hupiga Jumapili moja moja, akiwa anapika, naisikia mifuniko ya sufuria. Mdogo wangu, hujambo? Sijambo, dada. Kazi? Ipo. Na kile chumba cha Mama umeshakisafisha? Bado. Kisafishe, utaugua kwa mawazo. Ndiyo, dada.

Palikuwa na nafasi hapo. Nilishavuta pumzi. Nikasikia mtu anamwita kule kwake, akasema ngoja mdogo wangu, nitakupigia, na sufuria ikagonga. Hakupiga. Namjua, amesahau tu, hana ubaya. Lakini nilikaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa.

Chumba cha Mama sijakigusa. Kitanda kimetandikwa. Nikitoka kazini huwa napita pale mlangoni nasema nimerudi. Sijui nitaacha lini.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Niandike taratibu.

Mchana Mama Pacha alikuja huku nyuma kuleta plasta mbili. Siku hizi haingii, anazipitisha mlangoni kama polisi anayempa mahabusu chakula. Leo akasimama. Akasema wanawe wote wawili wamefaulu, wanakwenda sekondari. Nikampigia vigelegele humu humu mpaka Daktari akagonga ukuta. Nikamuuliza, ada za watu wawili kwa mpigo utaziweza? Akasema Mungu yupo, na akiba ya chama ipo. Kisha akaondoka haraka, hata hongera yangu hakungoja iishe.

Akiba ya chama!

Nilikuwa na kisu cha nta mkononi, nikakiweka chini. Mama Pacha ni mdhamini wangu. Chama hakikopeshi mtu mpaka mwenzake aweke akiba yake rehani. Mwaka juzi tulidhaminiana, mimi kwa upasuaji wa Mama, yeye kwa kupaua nyumba yake. Siku ile ile, meza ile ile, mhazini wa chama akatutania kwamba tumefunga ndoa. Mimi nisipolipa miezi miwili, chama kinamkata yeye. Na yeye asipolipa, kinanikata mimi. Kila mwanachama anajua hivyo. Mimi pia nilijua! Ila kwenye lile kochi la nailoni sikulikumbuka kabisa. Kijana aliposema usilipe, nilimwona Sauti tu, nikaona simu imenyamaza. Mama Pacha hakunijia akilini hata kidogo.

Huyu ndiye aliyekuja kukaa na mimi siku Mama alipozidiwa. Alilala kwenye benchi la hospitali kwa zamu na mimi, viatu chini ya kichwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia kijana wa kampuni. Nikamuuliza: mdhamini wangu atakuwaje?

Akasema mdhamini ni mtu mzima, alisaini mwenyewe. Nikasema lakini ni rafiki yangu. Akasema, "Ndiyo maana tunasema marafiki tusiwaingize." Halafu sauti ikawa tamu tena — mama yangu, usiumie, akikatwa mwambie aje kwetu. Na yeye tutamfungulia faili. Watu wawili wanaofahamiana tunawapunguzia ada.

Nilicheka. Akadhani nimefurahi, naye akacheka.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimekutana na mtu wangu! Mzee wa kinywa chembamba. Amerudisha meno. Aliyavaa siku tatu, mkewe akamwambia anafanana na muuza magari. Mama Pacha akamleta mpaka huku, Daktari akiwa na mgonjwa.

Mzee akanieleza kwamba alikuwa na mwanya. Hapa katikati, juu. Alizaliwa nao, na alioa kwa ajili yake. Mimi nimempa meno yameshikamana kama wanafunzi mstarini. Mama, nirudishie mwanya wangu, kasema. Nikamwambia kwenye maelezo haukuandikwa. Akasema, "Ungeniuliza."

Kweli, ningeuliza. Huwa siulizi. Nikiletewa ufizi, napanga meno ya kwenye kitabu. Nimeuvunja mpangilio, nimempangia upya akiwa amekaa pale pale juu ya ndoo ya plasta, anajitazama kwenye kioo kidogo, ananielekeza. Fungua kidogo, mama. Kidogo tena. Hapo! Alipotoka chumba kikawa kikubwa ghafla, na kimya. Sikukipenda.

Ijumaa, 21 Machi

Kijana wa kampuni amepiga asubuhi, mchana na jioni. Kuliko Sauti! Punguzo linakwisha. Faili liko mezani. Asubuhi nilikuwa "mama yangu". Jioni nimekuwa "wewe mteja".

Na kwa upande wa Sauti kapiga mtu mwingine, mwanamke, mkali. Nikauliza, yule kijana mwenye mafua amepona? Akasema hilo halihusiani na deni lako. Halihusiani, ni kweli. Lakini nilitaka kujua.

Jumapili, 23 Machi

Nimekata shauri nimwambie Dada. Nilijiandaa, nikaoga, nikavaa nguo ya kutokea — kwa ajili ya kupiga simu! Nikapiga. Akapokea kwa sauti ya chini, wako kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa shemeji. "Kuna dharura?"

Nikasema hapana.

"Una uhakika, mdogo wangu?"

Nikasema nilitaka kukusalimia tu.

Nguo nimeivua nikaitundika. Nimekaa kitandani kwa Mama, mara ya kwanza. Godoro bado lina lile bonde lake. Nina upweke. Sijawahi kuliandika neno hili, nimeona niliandike nilitazame. Nina upweke mpaka nasikitika mkopeshaji akibadilisha mfanyakazi.

Jumatano, 26 Machi

Bora nimwambie Mama Pacha mwenyewe, nilisema. Nikabeba vikombe viwili vya chai hadi mapokezi. Zamani tulikuwa tunakunywa pamoja kila siku, tukiwasema wagonjwa wanaoogopa sindano kuliko kifo. Tangu mwaka uanze hanywi tena na mimi. Kazi nyingi, anasema.

Leo hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Alikuwa ameinamia simu. Aliponiona akaifunika haraka. "Fundi, weka tu hapo, ngoja nimalize." Amekonda. Niliweka. Nikasimama. Akasema tena ngoja nimalize, bila kunitazama. Nikarudi na kikombe changu.

Na ninaona aibu kuandika hivi, lakini nilishukuru. Nilitoka pale nimepumua. Kwa sababu kama hataki kuongea na mimi, basi si mimi niliyekaa kimya, sivyo? Ndivyo nilivyojiambia. Nikaendelea kujiambia mengine. Watamkata kidogo tu. Nitamrudishia madeni yakipungua. Mtu mzima, alisaini mwenyewe. Nikasikia ni maneno ya kijana wa suti, yametoka kinywani mwangu na meno yake yote.

Ijumaa mshahara unaingia. Nitaenda nikalipe. Nimechoka kubeba peke yangu. Hata wakinidanganya, wanidanganye wakiwa wananisikiliza.

Ijumaa, 28 Machi

Mshahara umeingia. Nimetoa ada yote, iko kwenye bahasha, bahasha iko kwenye begi. Miadi saa kumi na moja. Chama sijakilipa. Mwanamke mkali sijamlipa. Nimefuata masharti kama mwanafunzi mzuri.

Saa sita hivi ujumbe wa simu umeingia. Nilidhani ni kampuni. Ni chama.

"Ndugu mwanachama, uliyemdhamini hajarejesha mkopo kwa miezi miwili mfululizo. Kwa taratibu zetu, tumeanza kukata akiba yako."

Nimesoma nikadhani wamenikosea mtu. Nikasoma tena. Mimi nimemdhamini mtu mmoja tu maisha yangu yote.

Nikampigia mhazini, nimejifungia huku nyuma. Akasema samahani sana, dada, tumemtafuta mwenzako tangu Februari, hapokei. Siku moja alipopokea kasema hana ruhusa ya kuongea. Ati madeni yake yanashughulikiwa na kampuni, wako juu ya duka la miwani. Mhazini akaniuliza, "Wewe unawajua hao?"

Nikasema siwajui.

Nilikasirika — oh, nilikasirika! Nilisimama, nikafungua mlango, nikafika mpaka katikati ya korido. Akiba yangu! Kila mwezi nilijinyima, hata Mama akiwa mgonjwa sikuigusa! Nilikuwa na maneno yote mdomoni, makali, yamepangwa. Kutoka pale koridoni nilimwona. Alikuwa anamwandikia bibi mmoja tarehe ya kurudi, anacheka naye, anamshika mkono. Simu yake ikawaka juu ya meza. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi, akaendelea kucheka. Mimi nacheka hivyo hivyo.

Nikarudi huku nyuma. Nikakaa.

Nimekaa tangu wakati ule. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi na nta sijaiyeyusha. Kwa hiyo naye alikwenda. Alipanda ngazi zile zenye giza, akakaa kwenye kochi, akaambiwa nina muda. Akalia, bila shaka. Watoto wawili, paa, na baba yao hajulikani aliko. Akaambiwa marafiki wanaharibu mafaili. Akarudi hapa akakaa mita chache kutoka kwangu, miezi yote hii, ukuta mmoja katikati, na kila mmoja wetu akitunza kimya chake kama alivyoagizwa. Mimi nikimkwepa yeye! Na yeye akinikwepa mimi!

Nataka kumchukia, siwezi. Naweza kidogo. Halafu nafikiria pesa yangu, naweza zaidi.

Saa kumi na nusu. Daktari ameshaondoka. Kijana wa kampuni amepiga, sijapokea. Amepiga tena.

Nasikia kiti cha mapokezi kinasogezwa. Viatu vyake, anaviburuza akichoka. Kwa kawaida huwa anaishia kwenye swichi ya taa ya korido, anazima, anasema kwa mbali kesho, Fundi, anatoka. Leo hajazima. Anakuja huku. Labda chama kimemwandikia na yeye, kwamba wameanza kunikata. Labda anataka funguo tu.

Amegonga.

Hajawahi kugonga mlango huu, na hauna hata kitasa cha maana. "Fundi, upo?"

Nipo. Begi liko mapajani, bahasha imetokeza pembe. Sijaisukuma ndani. Sijui nimwambie lipi kwanza — kwamba nimejua alichonifanyia, au kwamba na mimi nilikuwa njiani kwenda kumfanyia hicho hicho.

Amegonga tena, taratibu zaidi. "Najua upo. Nakusikia unaandika."